Maziwa ya Chinsaga

Nina ulimi mkali, sikatai. Aakash alipoonja bia yangu ya kwanza akakunja uso kama aliyetafuna kwinini, nusura nimwambie arudi Kisii akanywe soda. Lakini mwenye mkahawa ni yeye, na mwenye shida nilikuwa mimi, basi nikauma meno.

"Haina balansi, Abigael," alisema. "Uchungu umeshika usukani peke yake. Rekebisha, nitarudi mwisho wa mwezi."

Hopsi, yale maua makavu, ndiyo yanayoipa bia uchungu na harufu. Utamu na uzito vinatoka kwenye kimea cha shayiri. Kazi hii ya kupika bia niliijulia Nairobi, kwenye kiwanda cha watu, huku binti yangu Cynthia akilelewa na bibi yake hapa Nyaramba. Siku niliporudi, mtoto alinipa mkono kama anasalimia mgeni wa kanisani, kisha akakimbilia nyuma ya mama mkwe wangu, Kemuma. Iliniuma, jamani. Nikaapa siondoki tena. Nikakodi chumba sokoni, nikanunua mitungi, nikatundika leseni ukutani. Lakini Aakash asiponunua, huku hakuna mwingine wa kununua bia chungu, na wale wa kiwandani walishapiga simu kuniuliza narudi lini. Begi langu lilikuwa limesimama karibu na mlango, nguo ndani.

Nilihitaji mtu wa kunionjea kabla Aakash hajarudi. Mume wangu Ronny, wa kiwanda cha chai Itumbe, ni Msabato kama mama yake, hata harufu ya pombe haitaki. Aliyebaki ni baba mkwe, Mzee Mokua. Zamani busaa ya wimbi ikipikwa kijijini, hakuna aliyegusa mrija kabla yeye hajavuta na kusema neno. Shida ni kwamba kwetu Wakisii kuna chinsoni, ile heshima ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Hatupeani mkono. Hakanyagi ndani ya nyumba yangu. Anywe pombe mbele yangu? Mungu apishie mbali!

Basi mjumbe akawa Mama Kemuma. Maskini, alikuwa akiibeba chupa ndani ya leso mfano wa mtoto mchanga, wamama wa kanisa wasije wakaiona.

Nilipika ya pili, nikapunguza hopsi hata zikabaki nusu. Mama akaipeleka kwa Mzee, akarudi anatabasamu. "Amesema iko sawa kabisa. Imetulia."

Nilifurahi nikaimba. Mchana nikashuka shambani nyuma ya nyumba ya Mzee kuchuma chinsaga, yale majani machungu tunayoyapenda. Dirisha lake lilikuwa wazi.

"Kemuma, ulimwambia?" Mzee aliuliza.

"Nilimwambia."

"Kwamba hii ni maji ya kuoshea sufuria? Kwamba ya kwanza ilikuwa na hasira, lakini hii haina hata roho?"

"Nilimwambia kwa njia yangu," Mama akasema.

Lo! Nilipanda na mboga zangu huku damu inachemka. Jioni, Mama akikoroga chungu jikoni, nikamsimamia.

"Mama, mficha maradhi, kifo humuumbua. Mzee alisema nini hasa?"

"Si nilishakwambia."

"Mama!"

Mwiko ukasimama. Akasema polepole, machozi yakimlenga, "Alisema ni maji ya kuoshea sufuria. Sasa ningekuletea maneno hayo namna gani? Ungeshika begi lako uende. Mtoto ndiyo kwanza ameanza kulala kwako. Nilifikiri nikikupa maneno matamu, utakaa."

Hasira yangu yote ikaniishia. Nilikuwa nimejiandaa kugomba, na mtu mwenyewe ananipenda.

"Maneno matamu hayo, Mama, ndiyo yangenirudisha Nairobi. Ningempa Aakash maji ya sufuria, na mimi nacheka."

Alinipakulia ugali na chinsaga iliyochemka muda mrefu ndani ya maziwa. Nikala. Uchungu ukatangulia, maziwa yakaja nyuma yake, nikatamani tonge jingine.

"Mama, maziwa yote haya, mbona bado ni chungu?"

Akanishangaa. "Ukitaka mboga isiyo na uchungu si upike kabichi? Maziwa hayaji kuufukuza uchungu. Yanakuja kuukalisha."

Tonge likabaki mkononi. Muda wote nilikuwa nimechukua balansi kuwa mizani ya dukani, unapunguza huku mpaka pande zote zilingane. Kumbe sivyo. Anayeagiza bia ya hopsi ameufuata uchungu wenyewe. Kazi ya utamu ni kuupokea, uume kidogo halafu uondoke bila kung'ang'ania ulimi. Mimi nilimfukuza mwenye nyumba nikabaki na viti.

Nikampigia Aakash kuomba muda zaidi. Akaguna. "Mara ya mwisho. Kuna mtu wa Kisumu ananisubiri."

Ile ya pili niliimwagia migomba. Ya tatu nikairudishia hopsi zote, nyingine nikizitia mwishoni kabisa zibaki na harufu, kisha nikaongeza kimea na wimbi la kukaanga.

Asubuhi ya siku ya Aakash, Mama alipeleka chupa kwa Mzee. Akakawia mpaka nikaanza kuzunguka chumba. Aliporudi alisimama mlangoni akitazama chini.

"Ameniagiza nisipunguze hata neno."

"Sema, Mama."

"Amesema ni chungu. Inamuuma, halafu inamrudishia ulimi wake." Akavuta pumzi. "Amesema ile ya pili ilikuwa aibu ya ukoo mzima."

"Hiyo imekwisha, Mama."

"Nisipunguze, alisema! Na chupa ni ndogo. Na aliyeleta chupa ndogo ni mchoyo."

Nilicheka hadi nikakaa juu ya gunia la kimea, huku nalia.

Aakash alifika saa sita. Akanywa, akanywa tena.

"Bado ni chungu," alisema.

"Ndiyo."

"Sasa mbona nataka nyingine?"

"Muulize huyu." Nikamwonyesha Mama Kemuma, ambaye hajawahi kuonja hata tone. Akajifunika uso kwa leso.

Aakash akaagiza kreti za kila wiki, akashika njia ya Kisii.

Jioni nilipofika nyumbani, begi halikuwa mlangoni. Nikalikuta jikoni kwa Mama, limejaa mpaka mdomoni, Cynthia amelikalia ili zipu ifunge.

"Mama, begi langu?"

"Begi gani?" alisema, akivuta zipu. "Hili ni la maharagwe."