Masifu ya Watu Wawili

Chuo cha Mtakatifu Lioba, kule Nebraska, kilijengwa na watawa, na baada ya miaka mingi ya kuzikana wao kwa wao walibaki pale wawili tu. Sista Walburga alikuwa amefundisha biolojia, Sista Romana falsafa. Kila jioni waliingia kikanisani kuimba Masifu, Walburga upande wa kushoto, Romana upande wa kulia, na katikati yao viti vitupu vya marehemu. Huyu aliimba ubeti wake wa zaburi, yule akamjibu. Watawa wa Kibenediktini kama wao husali hivyo tangu zamani, upande kwa upande, na mtu mmoja hawezi kuwa pande mbili.

Shirika lao na chuo walikuwa wamekubaliana jambo moja: maadamu Masifu yanaimbwa pale, kikanisa hakitaguswa, na wanafunzi wataendelea kusoma teolojia. Siku watawa wakiondoka, bodi ifanye itakavyo. Dakta Lindquist, mkuu wa chuo, hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa Mlutheri mpole aliyewaletea masista maboga kila msimu wa mavuno. Lakini wanafunzi walizidi kupungua, na ofisini kwake kulikuwa na mchoro wa kikanisa kilichogeuzwa ukumbi wa wageni, na mahali pa altare pamewekwa kaunta ya kahawa. Walburga aliuona mchoro ule akarudi nyumbani na hasira.

"Kahawa, Romana! Watamwondoa Bwana pale wauze kahawa!"

"Ya maziwa?" aliuliza Romana.

Walburga alicheka, akidhani ni utani. Zamani ungekuwa utani kweli. Kumbe Romana alikuwa ameanza kupotea. Alisahau kwanza majina ya wanafunzi wake wa zamani, kisha njia ya kwenda chumba cha kulia, na mwishowe akamsahau Walburga mwenyewe. Mwanamke aliyewatoa jasho watoto wa wakulima wa mahindi kwa maswali yake juu ya nafsi, sasa alivaa sweta mbili na miguuni hana soksi. Kitu kimoja tu hakikumtoka: zaburi. Ukimkalisha kitini pake ukamwanzishia, alijibu bila kitabu, sauti imenyooka.

Walburga akaamua kuficha. Alimfunga vifungo, alimkatia nyama, na watu wakimsemesha Romana, yeye ndiye aliyejibu.

"Ana mafua," alimwambia Darlene, mpishi wa chuo.

"Mafua gani hayo yasiyoisha, Sista?"

"Ya Nebraska. Wewe si mzaliwa wa hapa? Huyajui?"

Darlene hakudanganyika. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na jikoni watu walishaanza kunong'ona.

Kazi ngumu ilikuwa kumtoa Romana chumbani saa ya Masifu ikifika. Hakutaka kuimba. Alitaka kwenda nyumbani, basi, nyumbani. Siku moja Walburga akapata dawa. "Twende tuimbe kwanza," alimwambia. "Tukimaliza, nakupeleka." Romana akainuka mara moja. Sala ilipokwisha alikuwa amesahau ahadi, na Walburga akamrudisha kitandani bila shida. Toka hapo ikawa hivyo kila jioni. Walburga alijiambia kwamba huko si kudanganya, ni kubembeleza, tena kwa ajili ya Mungu. Mtu akishalitaka jambo la Mungu kwa nguvu namna ile, shetani hahitaji kumsumbukia.

Wakati wa Kwaresima akaja Mama Mkuu wa shirika, Sista Colleen, ambaye ujanani alifundishwa na Romana palepale. Habari zilikuwa zimemfikia monasterini, walikokuwa wakitunzwa masista wazee.

"Nasikia Romana hayuko nasi tena," alisema.

"Njoo umsikie mwenyewe," Walburga akamjibu.

Mama Mkuu akaketi nyuma. Walburga akaanza, na Romana akajibu, ubeti baada ya ubeti. Kuna mahali Walburga aliteleza kwa woga, na Romana akamshika mkono kwa sauti, akamrudisha njiani. Alimtoa kimasomaso. Walipomaliza, Mama Mkuu alikuwa analia.

"Watu wana maneno," alisema. "Bakini mwaka mwingine. Nitamweleza Lindquist."

Walburga alimbusu mikono, akamsindikiza hadi mlangoni. Aliporudi ndani alimkuta Romana amesimama, kofia kichwani, mto wake ameukumbatia.

"Nimeimba vizuri?"

"Vizuri mno, dada yangu."

"Basi twende. Ulisema tukimaliza."

Siku hiyo hakuwa amesahau.

"Kesho," alisema Walburga. "Leo theluji nyingi."

Uso wa Romana ukakunjamana. Akalia kwa sauti, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia, hata walipomzika mama yake. "Mimi naimba, naimba, na wewe hunipeleki! Nimekukosea nini, mama?"

Walburga hakuchukua hata koti. Alikimbia na goti lake bovu mpaka penye gari, akagonga kioo.

"Nimekudanganya," alimwambia Mama Mkuu. "Hanijui mimi. Hajui yuko wapi. Zaburi zinatoka zenyewe tu, na mimi nimekuwa nikimtumia. Mpeleke akatunzwe."

Mama Mkuu alizima gari. "Unajua maana yake? Akitoka yeye, na wewe unatoka. Na kikanisa?"

"Najua."

"Na Lindquist na kahawa yake?"

"Atainywa," alisema Walburga. Machozi yalimganda mashavuni.

Walimchukua Romana kabla ya Pasaka. Walburga alikuwa abaki nyuma kidogo kufunga vitabu na mavazi ya altare, kisha amfuate. Dakta Lindquist alibeba mizigo mwenyewe, kichwa wazi kwenye baridi ile. Walburga akainama ndani ya gari, akamfunga Romana mkanda, akamwekea blanketi magotini. Romana alimtazama kwa upole mkubwa, akagusa msalaba mdogo uliokuwa kwenye sweta ya Walburga.

"Mama, na wewe ni mtawa?"

"Ndiyo, Sista."

"Na siku zote umekaa hapa?"

"Siku zote."

Romana akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Laiti ungeniambia," alisema. "Tungesali pamoja."