Helikopta ya Bi Riyama

Bibi yangu, Bi Riyama, alikuwa anapofuka, na alichokiogopa kuliko upofu ni kupanda ndege. Upasuaji wa mtoto wa jicho alipangiwa Dar es Salaam. Boti hataki hata kuisikia, kwa ilivyomtapisha mara ya mwisho. Wanawe walimbembeleza wakachoka. Mimi sina subira ya kubembeleza. Nilimwambia nitamjengea helikopta kwenye kompyuta, katika mchezo wa matofali wenye ramani ya kisiwa chetu, ambao kila tofali lina uzito wake, na kitu kilichojengwa ovyo hakiruki.

"Ikiondoka hapa Mkunazini ikatua kwetu Uroa salama, ntapanda hiyo ndege yenu," alisema. "Lakini itie mlango wa maana, Nadra, wa nakshi kama huu wetu. Siingii kwenye chombo kama naingia banda la kuku."

Nikajenga. Mota, pangaboi kubwa juu, dogo mkiani la kuizuia isizunguke kama pia, na ubavu wa kushoto mlango wa nakshi wenye njumu, ile misumari minene ya shaba. Ikanyanyuka, ikalala kushoto, ikavunja paa la jirani. Nikaijenga upya, ikalala tena. Kaka yangu Mudrik alicheka mpaka akakaa chini.

"Utoe huo mlango! Wapi umeona helikopta ina mlango wa Mji Mkongwe?"

"Sitoi. Bibi kashaomba mlango."

Nilikasirika kwa sababu alisema kweli: shaba ilikuwa nzito. Nikaongeza mota, ikapinduka kwa kasi zaidi. Nusura niitupe kompyuta dirishani.

Asubuhi natoka kwenda sokoni, nikafungua mlango wetu kama siku zote, ubao mmoja tu. Ule wa pili hatuufungui mpaka iwe harusi au maiti. Nikasimama kizingitini na kikapu. Mbao mbili! Nikarudi ndani mbio, samaki nikawasahau. Ubao mmoja nikautia kushoto, wa pili kulia, uzito ukalingana.

Bibi akaketi karibu yangu, kanishika mkono. Helikopta ikapanda wima. Nikawa namwambia, "Hapa Darajani, Bibi. Hapa Tunguu, chuoni. Ile kule bahari ya Uroa." Juu ya ufukwe ikayumba, nikaishusha polepole mpaka ikagusa mchanga.

"Imetua! Umeona, Bibi?"

"Sikuona kitu, mjukuu wangu. Hicho kioo kwangu ni ukungu mtupu tangu Ramadhani. Nlikuwa nakushika mkono tu. Ulikuwa unatetemeka, wala hukuacha."

Siku zote zile alikaa akinisikiliza naiangusha helikopta na kugombana na Mudrik, asiseme kwamba haoni. Nililia, sioni haya kusema.

"Basi na mimi ntapanda nnatetemeka," alisema. "Mwambie baba yako akate tiketi. Na wewe ukae ubavuni mwangu."