Aliyetembea Kushoto kwa Nalianya

Mdogo wangu Nalianya aliporudi nyumbani Mbotela kwa likizo ya wiki moja, mwaka wa tisini na nne, aliingia, akasogea kando na kuushikilia mlango wazi, jinsi mtu anavyompisha mwenzake. Nikadhani ameleta mgeni. Nilichungulia nje huku nikihesabu vikombe kichwani, nikaona kamba ya nguo na kuku wa Elsie jirani. Nalianya akafunga mlango, akanisalimia, akauliza kama kuna chai.

Alikuwa kadeti, yaani mwanafunzi wa uofisa jeshini. Chuo sitakitaja. Baba yetu, Sajini mstaafu Wekulo, alikuwa amelitangaza jambo hilo kuanzia kituo cha basi hadi kwenye bomba la maji, na mtaa mzima ulijua kwamba imebaki miezi minne kijana atoke na nyota begani. Mama alikuwa shambani Webuye, na huko pia habari zilifika. Mimi nilikuwa nashona sare za shule kibandani, na kila mteja aliyekuja kupimwa alinipa hongera kana kwamba nyota ingekuwa yangu.

Baba alikuwa na ushauri juu ya kila kitu, na mwingi haukuombwa. Mwaka uliotangulia alikuwa amewafundisha vijana wawili, Nalianya na rafiki yake Willis, mtoto wa pekee wa Mama Perez, mjane wa mtu wa reli pale Makongeni. Aliwakimbiza Jogoo Road kila alfajiri, yeye akiwa nyuma juu ya baiskeli na filimbi mdomoni. Kisha walirudi kwangu kunywa chai, na baba akaendelea kuwajaza maneno. Siku ya matembezi marefu, vaeni soksi nje ndani, mshono usiwakate. Usiwe wa kwanza, usiwe wa mwisho, mkufunzi asilijue jina lako mapema. Na lile aliloligongea meza kila mara: usiripoti ugonjwa. Kadeti anayeripoti ugonjwa siku ya matembezi makubwa hurudishwa nyuma aanze upya na kundi lijalo, na wengi hawafiki hata hilo. Mwenzako akilegea, mshike mkanda umvute. Daktari hana haraka, mtamkuta mkifika.

Willis alikuwa akiitikia, "Ndiyo afande," kwa sauti nzito ya kuigiza, na baba akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Mimi nilimpenda kijana yule. Alikuwa mrefu, akiinama kupita mlangoni kwetu, na kila siku alidai chai yangu ni noma, haina mfano, ili nimwongezee. Nilikuwa nikimwambia atafute mke amlishe, na nikamwongezea.

Wote wawili walichaguliwa. Kule chuoni kila kadeti hupewa mwenzake. Mnalala vitanda vya karibu, mnatembea bega kwa bega, na kiatu cha mmoja kikikutwa kichafu mnaadhibiwa wote wawili. Kwa kuwa walifika pamoja, wakaunganishwa wao. Willis kushoto, Nalianya kulia. Mwezi wa nane Willis akafa katika matembezi. Akazikwa kwao Siaya wakati kundi lake likiwa bado porini kwa mazoezi, kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyekuwa naye aliyefika mazishini. Alikuja ofisa kijana, akasema marehemu alianguka mazoezini akilitumikia taifa, akapanda gari lake akaondoka.

Sasa huyu wangu amekuja likizo, na mambo yake siyaelewi. Asubuhi alikunja blanketi lake, akakunja na la kwenye kochi ambalo hakuna aliyelilalia. Alipaka viatu vyake rangi, kisha akachukua buti kuukuu za baba akazipaka pia, akazipanga upande wa kushoto wa vyake. Mezani alikata chapati yake katikati, akasukuma nusu pembeni. Mara nyingine aligeuza uso kushoto akasema polepole, "Bado kidogo." Nikajifanya sikusikia. Nilidhani ni majonzi, na majonzi huachwa yapite.

Siku ya tatu Elsie alinisimamisha bombani. Elsie alihamia Mbotela mwezi wa sita, vijana wakiwa wameshaenda chuoni siku nyingi, na hakuwahi kumwona Willis. Aliniuliza huyo rafiki wa ndugu yangu ana maringo gani. Nikauliza rafiki yupi. Akasema yule mrefu wanayekimbia naye asubuhi, anayeinama akipita mlangoni, kwamba amemsalimia mara mbili na hajamjibu.

Niliogopa. Kuna watu watakwambia nywele zilisimama au damu iliganda, mimi nakwambia niliogopa, basi, na mtungi niliuacha palepale. Nilimkuta Nalianya amesimama katikati ya chumba. Nikamuuliza waziwazi ni nani yuko naye. Hakushangaa hata kidogo.

"Bado hajafika, dada," akasema. "Tulikubaliana tutafika pamoja."

Nilimweleza baba. Alinisikiliza huku akipiga pasi suruali ya Nalianya, maana kazi hiyo hakuniachia. Akasema ni uchovu, kwamba amewaona wanajeshi wengi wa namna hiyo, na kwamba kijana akirudi uwanjani kupiga kwata yatamtoka yenyewe. Jumapili saa kumi na mbili jioni alitakiwa awe ndani ya lango. Asipokuwepo, jina linafutwa, wala hakuna wa kumbembeleza. Baba alijua sheria hiyo kuliko alivyojua amri za kanisa. Nilimwambia sheria zake zitatuletea msiba wa pili. Akanijibu niangalie cherehani yangu.

Ijumaa mchana akaja Mama Perez.

Alikuwa bado amevaa kitambaa cheusi, na alikuwa amepungua. Nilimkaribisha, nikampa chai, hakuigusa. Alisema amesikia Nalianya yuko, naye amekuja kuelezwa. Kwao, na kwetu pia, mtu hafukiwi kabla mmoja aliyekuwa naye hajasimama mbele ya watu na kusema alivyougua tangu mwanzo hadi mwisho, aliomba nini, alisema nini, alijibiwa nini. Mwanawe alifukiwa bila hayo. Ofisa yule alisema mambo ya taifa.

Baba, aliyekuwa na pasi mkononi juu ya suruali ile ile, akajibu kwa upole kwamba kijana yuko chini ya jeshi, haruhusiwi kuzungumzia mambo ya chuo, na kwamba akishapata nyota yake yeye mwenyewe atampeleka Makongeni aeleze yote. Kumbe alichoogopa ni kwamba maneno yakitoka yatafika chuoni, na nyota itapotea. Mama Perez akamtazama.

"Baba Nasambu," akasema, akimwita kwa jina langu, "mwanangu huja kusimama mlangoni. Namwambia ingia, haingii. Wewe hapa kwako anaingia?"

Nalianya, aliyekuwa nyuma ya pazia la chumba cha kulala, akatoka, akaeleza, huku mikono ameibana mapajani.

Willis aliamka na homa siku ya matembezi. Alitapika kabla ya kuondoka, akafukia kwa kiatu mkufunzi asione. Jua lilipokuwa kali akaomba wakae kidogo. Nalianya akamkatalia. Akaomba tena, akasema haoni vizuri. Nalianya akachukua mzigo wake, akamshika mkanda, akamvuta, akamwimbia zile nyimbo walizokuwa wakiimba Jogoo Road. Mkufunzi alipita kwa gari akauliza kama wako sawa, na wote wawili wakapiga kelele kwamba wako sawa. Mwisho wa safari ulikuwa unaonekana, hema la daktari limesimama pale, Willis alipokaa chini. Nalianya alimwamuru ainuke. Akamwambia, inuka, tumefika. Hakuinuka.

Mama Perez hakulia. Aliuliza swali moja, kwa nini hawakumwambia yule mkufunzi mwenye gari.

Nalianya akatazama sakafu. Nilijua jibu, na nilijua hatalitoa hata angekatwa vipande. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nilitoe mimi, kwa hasira zote nilizokuwa nazo, baba alipoweka pasi chini.

"Ni mimi niliyewakataza," akasema. "Wote wawili. Hapa hapa mezani."

Sikuwahi kumwonea huruma baba yangu kabla ya siku hiyo, na hata siku hiyo sikutaka. Mama Perez alikisogeza kando kikombe cha chai. Kisha akasema kesho asubuhi anapanda basi kwenda Siaya, na kwamba maneno hayo yakasemwe kule, kwenye kaburi, na kijana aliyekuwepo na mzee aliyekataza, wote wawili. Baba akamkumbusha kuhusu Jumapili. Alimsihi wiki moja tu, mwezi mmoja tu. Mama Perez akasema anajua Jumapili ni siku gani, akafunga kitambaa chake vizuri akatoka.

Hakuna aliyekula jioni hiyo. Nalianya alisema atafanya atakavyoambiwa, na hilo ndilo lililonichoma, kwamba mtu mzima wa miaka ishirini na tatu anangoja amri kama bado yuko kwenye mstari. Nikamwambia baba asimtume mtoto huyu chuoni na maiti ubavuni. Nikamwambia atapata ofisa, ndiyo, na huyo ofisa atawakatia wafu wengine chapati nusu nusu mpaka azeeke. Asubuhi niliikuta suruali iliyopigwa pasi imekunjwa na kurudishwa sandukuni, na yeye amevaa koti lake la kanisani.

"Twende Siaya," akasema.

Tulifika Jumamosi jioni, tukalazwa vizuri na kulishwa vizuri na watu ambao hawakutuuliza kitu. Jumapili walikuwa na ibada, baadaye wakaja majirani, kwa hiyo jua lilikuwa limeshuka tulipokusanyika kaburini. Lilikuwa mbele ya nyumba, udongo wake bado mwekundu. Nalianya alieleza kwanza. Alieleza yote tena, na mara hii sauti ilimkatika mahali pa kusema inuka, na wanawake wakaguna naye.

Kisha baba. Nilizoea kumsikia akinguruma. Siku hiyo aliongea kwa sauti ndogo, watu wa nyuma wakawa wanasogea. Alisema yeye ndiye aliyemfundisha Willis kuficha ugonjwa. Alisema kwa miaka ishirini jeshini aliwaona wengi wakificha wakapona, na wawili watatu waliokufa hakuwahesabu. Alisema hana cha kurudisha. Halafu akauinamia udongo, akamwambia Willis kwamba kijana huyu hana kosa, alitii tu, amwachilie. Kama ni kumfuata mtu, amfuate yeye mzee.

Nilimtazama Nalianya. Alikuwa amegeuza uso kushoto, ananong'ona, bado kidogo, bado kidogo. Kwa saa yangu, lango la chuo lilikuwa linafungwa.

"Hakufuati wewe," Mama Perez akamwambia baba. "Mtoto wangu hakuwa na kisasi. Nimemwangalia pale mlangoni siku zote hizi, namjua. Anataka kujua kama alipita. Mwambie."

Baba aliduwaa. Sajini hampitishi kadeti, hana uwezo huo, hata mimi binti wa kambini nalijua hilo. Alitutazama mmoja mmoja. Kisha akafunga vifungo vya koti, akaunganisha visigino katika ule udongo laini, akapiga saluti.

Sajini humpigia saluti ofisa, hampigii kadeti. Saluti hiyo alikuwa ameitunza maisha yake yote kwa ajili ya mwanawe mwenyewe, amsimamie uwanjani siku ya nyota, ampigie mbele ya watu. Sasa hiyo siku haikuwepo tena, na alijua haipo.

"Umepita, afande," akasema.

Mkono ukabaki juu. Mwenye cheo cha chini haushushi mpaka ofisa amejibu, na baba hakuwa mtu wa kuvunja sheria. Tukasimama. Mtu mmoja alikohoa. Ng'ombe walirudishwa nyumbani wakapita nyuma yetu, na baba yangu alikuwa bado ameinua mkono mbele ya udongo ule, macho mbele, anangoja. Nilitaka kwenda kumshika kiwiko. Mama Perez akanizuia kwa kiganja.

Halafu baba akaushusha, mara moja, kwa ukakamavu, anavyoushusha mtu aliyejibiwa. Kando yangu Nalianya akaacha kunong'ona. Aligeuka kushoto, akaangalia pale kwa muda, akaniuliza Willis amekwenda wapi.