Kichwa cha Mama Mkwe

Yoeli alisimama nje ya chumba cha mama mkwe wake, kaupa ukuta mgongo, masikio kayatega ndani. Kwa Waarusha wa umri wa mama huyo, Nkasiogi, mkwe haguswi. Tangu bibi aletwe hapa Lemara kutoka kijijini kwake Terrat, hawajapeana hata mkono, na Yoeli alimjengea chumba chenye mlango wake ili wasipishane ndani.

Aliletwa kwa ajili ya kizunguzungu. Kilimwangusha jikoni kwake, nusura moto umle. Sasa katoa neno: leo ikishindikana, anarudi Terrat, liwalo na liwe. Na kule anaishi peke yake.

Ndani alikuwa Evaresta, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Mchaga mwenye haraka zake, mmoja wa hao walioanza kutibu watu majumbani baada ya serikali kuruhusu huduma binafsi. Alishaeleza: vijiwe vidogo ndani ya sikio vimehama. Ili virudi, mgonjwa analazwa kichwa kikining'inia ukingoni mwa kitanda, kisha kinageuzwa polepole. Shida ni kwamba kikining'inia tu, kizunguzungu hupanda, na bibi hupigana. Kila mara Paskalina, mke wa Yoeli, ndiye aliyemshika mama yake. Leo yuko sokoni, na bibi amekataa katakata kumsubiri.

"Nakufa! Niachie!"

Kitanda kikalia.

"Baba Blessing!" Evaresta alimwita Yoeli. "Njoo umshike, anadondoka!"

"Mimi ni mkwe, dada."

"Mkwe, mkwe! Avunje shingo kwenye sementi hii, ndiyo uje kuzika?"

Yoeli aliogopa, tena aliogopa kweli. Akaingia hivyo hivyo. Nkasiogi alikuwa ameteleza nusu mwili nje ya kitanda, macho yakimcheza, Evaresta kamng'ang'ania kiuno. Yoeli akapiga magoti, akakipokea kile kichwa kilichonyolewa kwa viganja vyake viwili.

"Usiachie! Geuza nami, taratibu. Tukiachia hapa tunaanza upya."

Bibi akamwona. Palepale akaacha kupigana, akafumba macho, machozi yakatiririka hadi vidoleni mwa mkwewe. Wakamgeuza, wakamlaza ubavu, wakamkalisha.

"Kinazunguka?" Evaresta aliuliza.

Bibi akafumbua macho, akautazama ukuta kwa muda. "Kimetulia."

Yoeli alitaka kucheka kwa furaha. Bibi akavuta kanga, akajifunika uso.

"Asante, binti. Sasa mwambie huyo atoke."

Akatoka. Haukupita muda, mama mkwe naye akatoka na kifurushi chake, bila fimbo, bila kushika ukuta. Alipomfikia akasimama, uso kaugeuzia pembeni.

"Baba Blessing, umeniponya, sikatai. Ila siwezi tena kulala hapa."

"Mama, ungeanguka."

"Najua ningeanguka. Ndiyo maana sijakulaani."

Akaenda zake. Yoeli alimsindikiza kwa macho mpaka akakata kona, na hakuyumba hata kidogo.