Makombe Sita Yasiyochemshwa

Kila kombe la baharini linaloingia karakanani kwetu, tunakotengeneza mapambo, huchemshwa dakika ishirini, hata kama muuzaji ameapa kwa kaburi la babu yake kwamba ndani hamna kitu. Kisha hukaushwa, hupigwa msasa, na mwisho hupelekwa kwa mama mkwe wangu, mwenye karakana. Macho yake yamefifia, kwa hiyo kila kombe hulipitisha taratibu kwenye mdomo wake wa chini, akianzia kwenye ncha, kutafuta ufa. Ufa usioguswa na kidole, mdomo wake unaukamata. Tunamwita Hakimu, akiwa mbali.

Sufuria ni yangu. Ni kazi ya mvuke na uvundo, na nimeifanya miaka tisa sijasikia asante. Asubuhi ile tuliletewa makombe sita ya yule konokono tunayemwita Bwana Harusi, kwa jinsi alivyojipamba: ncha nyembamba huku, kichwa kipana kule, madoa ya kahawia juu ya weupe unaong'aa. Ukimchemsha, mng'ao hupungua, na Hakimu hakosi la kusema. "Nani kaliunguza hili? Moto, au mke wa mwanangu?" Mimi ni mwepesi wa hasira na nilikuwa nimechoka kusemwa. Nikayatikisa moja moja, nikachungulia, nikaona giza tupu. Nikayapanga kwenye sinia la yaliyokwisha kuchemshwa. Tena nikajipongeza.

Bwana Harusi si wa kuchezea. Ana mshale mwembamba mno wenye sumu, anaomfumia samaki, na samaki hupooza palepale. Binadamu naye hupooza, ila polepole. Picha yake imebandikwa juu ya sufuria yangu, na chini yake wifi yangu ameandika kwa wino mwekundu: HANA DAWA. Naiona kila siku, na mazoea yana tabu yake.

Wifi akaja kuchukua sinia. Utani wetu ulianza siku niliyoolewa na haujaisha. "Leo umeamka vizuri, wifi. Yanang'aa kama kipara cha kaka yangu."

"Kiache kipara cha watu, kina mwenyewe," nikamwambia. Akaondoka akicheka.

Nilipofuta meza, kitambaa kiliteleza. Pale sinia lilipokuwa palikuwa na mstari wa ute, mbichi, mrefu kama kidole changu. Nikausogelea kuutazama, nikatupa kitambaa.

Nilikimbia hadi mlangoni kwa mama mkwe, nikasimama ghafla. Alikuwa na Bwana Harusi mkononi, ncha iko mdomoni. Nikataka kupiga kelele, nikajizuia. Niliogopa kwamba akishtuka atalibana.

"Mama," nikasema kwa upole ambao hajawahi kuusikia kwangu. "Liweke chini. Taratibu."

"Leo wewe ndiye wa kunifundisha kazi?" akauliza, mdomo ukisugua ncha. Halafu akaruka kidogo. "Mnaacha sindano humu?"

Kombe likaanguka mezani. Tukalitazama, mimi na wifi, aliyekuwa bado amesimama pale na sinia. Ncha ikatoa mrija wa nyama, ukapinda huku na kule ukitafuta.

"Yuko hai!" wifi akapiga yowe.

Mama mkwe akashika mdomo wake. "Nani hakuchemsha?"

Ulimi hauna mfupa. Kabla sijafikiri, wangu ulishasema: "Wifi ndiye aliyeleta sinia. Labda amechanganya humo kombe moja bichi."

Wifi akanitazama, kisha akajitazama mikono. Na maskini akaamini. "Mungu wangu. Sikuangalia. Mama, sikuangalia!"

Tukapiga simu hospitali. Wakasema gari linakuja, na pumzi ikimwishia tumpulizie sisi, tusiache hata kidogo. Mama mkwe alicheka mwanzoni, akasema mdomo umekuwa wa mtu mwingine. Baadaye akaanza kumgombeza wifi kwa uzembe wake, na maneno yakawa yanamteleza, yakawa nusu, yakawa sauti tu. Kope zikashuka. Kifua kilipoacha kupanda nilimlaza sakafuni, nikamziba pua, nikampulizia. Wifi alihesabu kwa kilio. Nilimwogopa mwanamke huyu miaka tisa, lakini sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa kile kifua kilichosubiri pumzi zangu.

Gari lilipofika tulipanda wote wawili jinsi tulivyokuwa, na aproni zetu. Muuguzi akachukua kazi kwa pampu ya mkono. Wifi alikumbatia miguu ya mama yake. "Nisamehe, mama. Nimekuua kwa mikono yangu."

"Mwambie maneno mazuri," muuguzi akasema. "Mwili ndio umekufa ganzi. Masikio huenda yanafanya kazi. Sumu ikimwisha, kesho au keshokutwa, anaweza kuamka."

Wifi akalia kwa furaha. Mimi niliogopa asiamke, na, Mungu anisamehe, niliogopa aamke. Nikamtazama yule binti anavyojilaumu kwa kosa langu, nikashindwa kuvumilia. Nikainama sikioni kwa mgonjwa.

"Mama, ni mimi. Wifi hakuchanganya kitu. Sikuyachemsha. Yote sita."

Wifi akainua kichwa. "Yote?" akauliza. "Wewe si ulisema ni moja?"

"Yote."

Akaacha miguu ya mama yake, akainua mikono yote miwili juu, mbali na mwili wake. "Moja nimelichukua mimi," akasema kwa sauti ndogo. "La kutengenezea kidani. Limo mfukoni."

Mfuko wa aproni ulikuwa umembana pajani, umevimba. Kitambaa kilikuwa na unyevu sehemu moja.

Muuguzi hakuweza kuachia pampu. "Mkasi uko rafuni, juu ya kichwa chako," akaniambia. "Kata mikanda, ishushe aproni yote. Usilitikise."

Nikaushika mkasi kwa mikono miwili, nikapiga magoti. Gari likapanda tuta, likashuka. Wifi hakuutazama mfuko. Alikuwa ananitazama mimi.