Namba Kabla ya Nukta

Kanuni ya Tarishi niliiandika mimi. Ndiyo inayoziwezesha kompyuta za maabara kuzipelekea zahanati majibu ya vipimo, na kwa miaka tisa kila mgeni wa ofisi yetu alionyeshwa: "Yule pale ndiye Mama Tarishi." Nikazoea. Sifa ni asali, ukishailamba hutaki mwingine achovye kidole.

Kisha mdogo wangu, niliyemtafutia kazi mwenyewe, akaandika Tarishi mpya. Nzuri kweli, na ndicho kilichoniuma. Jumapili nyumba imejaa watu kama kawaida, shangazi sahani mapajani, akasema, "Kumbe mdogo mtu ndiye kichwa. Wewe ulikuwa unamwashia taa tu." Nikacheka na wenzangu. Meno nje, roho inachemka.

Jumatatu tukakaa kikao cha kuipa namba ya toleo.

"Dada, mashine za zamani haziwezi kuisoma hii," mdogo wangu alisema. "Jina la mgonjwa nimelihamishia pale palipokuwa na la daktari, na la daktari pale pa mgonjwa. Tuiite Tarishi 2, au tuipe jina jingine kabisa."

"Mtoto akibadilisha shati unampeleka kuandikishwa upya?" Kikao kikacheka, nikajua nimewapata. "Iitwe 1.9."

"Lakini dada, hata wewe unajua..."

"Mimi nilikuwa hapa wewe hujui hata kuwasha kompyuta."

Mwenyekiti akaandika 1.9.

Nilijua, ndiyo. Sheria ya namba niliitunga mwenyewe: iliyo kabla ya nukta isipobadilika, mashine hupokea bila kuuliza, ikibadilika, hukataa mpaka mtu aiandae. Nikajidanganya kwamba zahanati zitasoma maelezo kwanza. Nani husoma maelezo? Lakini ya kwake ikiitwa 2, ya kwangu ndiyo imezeeka, nami nimekuwa bibi.

Alhamisi asubuhi simu ikalia. Mganga wa zahanati moja, mwanamume wa ndevu zake, sauti kavu: "Mama Tarishi, kompyuta inasema nina mimba. Baba wa mtoto nimtafute wapi?"

Ofisi nzima ikashika mbavu.

"Na mwanamke mwenye mimba hiyo?" nikauliza.

"Yuko kwenye benchi tangu saa mbili. Tumemwambia majibu yake hayapo."

Kicheko kikakatika. Kufika mchana zilikuwa zimepiga simu zahanati kumi na nne. Mkurugenzi, ambaye hakuwepo kikaoni, akatuita, akauliza ni nani aliyetaka 1.9.

"Tulikubaliana sote," mdogo wangu akajibu haraka, macho chini.

Alikuwa ananisitiri. Hilo likaniuma kuliko maneno ya shangazi. Yaani hata kwa wema ananizidi?

"Ni mimi," nikasema. "Yeye alisema 2, mimi nikamfunga mdomo."

Tukaiondoa 1.9. Mdogo wangu akanisogezea kibodi. "Andika wewe, dada. Jina ni lako."

Nikaandika Tarishi 2. Chini yake kuna mstari wa mwandishi, na vidole vyangu vilikwenda vyenyewe kwenye herufi ya kwanza ya jina langu. Nikaifuta. Nikaandika jina lake, peke yake.

Jumapili nitamweleza shangazi yote mwenyewe, kabla hajasikia kwingine. Ila asinitume nimpakulie mdogo wangu chakula. Huyo kichwa ajipakulie mwenyewe.