Sindano Zangu na Ini la Mama Mkwe

Kwa miaka tisa mama mkwe aliniita Yule. "Mwambie Yule apunguze kelele za cherehani." Nami nimekaa pale pale, uzi mdomoni. Damu nzito kuliko maji, alipenda kusema, huku akinitazama mimi niliye maji.

Kisha akakutwa na uvimbe tumboni wa kupasuliwa, na damu yake ikaonekana ni ya aina adimu. Mume wangu akapimwa, haikufaa. Mawifi zangu nao, haikufaa. Nikapimwa mimi ili tu nisionekane nimejitenga, ikafaa. Mama mkwe aliposikia alimwomba daktari apime tena.

Tatizo, damu yangu yenyewe ilikuwa pungufu. Daktari akanianzishia sindano za homoni.

"Homoni hii figo zako huitengeneza zenyewe," akanieleza. "Tunaiongeza tu, ili uboho ulio ndani ya mifupa uzalishe chembe nyekundu nyingi zaidi. Tutatoa chupa moja tuihifadhi, damu ikijaa tena tutatoa nyingine."

Akanipa na vidonge vya madini ya chuma. Hata fundi hodari, alisema, hashoni bila kitambaa.

Hayo niliyaelewa. Nisichokielewa kilianza nyumbani. Baada ya sindano ya kwanza, mama mkwe aliingia chumba changu cha kushonea na bakuli la ini.

"Kula, mwanangu."

Niligeuka kutazama ni nani mwingine kaingia. Kesho yake ini tena, na mwanangu tena. Nilikula kwa hasira, maana hata ng'ombe wa maziwa hulishwa vizuri. Nikamuuliza mume wangu: mama yako ananipenda mimi, au anaipenda damu yangu?

"Wewe kula tu," akasema. Mwanaume huyu atanizeesha.

Tukatoa chupa ya kwanza. Siku chache baadaye, "mwanangu" ikakatika ghafla. Ini liliendelea kuja, ila liliwekwa mezani bila neno. Nikajiuliza nimekosa nini.

Siku ya tatu ya kimya hicho, hospitali wakanipigia simu: damu imepatikana kwingine, ya kutosha, sindano zisimame. Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilijihisi kama niliyefukuzwa kazi. Nikaamua kunyamaza, angalau nile ini la siku moja zaidi. Lakini alipoingia na bakuli, nilishindwa.

"Mama, damu imepatikana. Hawanihitaji tena."

"Najua. Mimi walinipigia juzi."

Juzi ndiyo siku aliyoacha kuniita mwanangu.

"Sasa hili ini ni la nini?"

"Wamekutoa chupa nzima. Hujioni ulivyopauka?" Akausogeza mkasi wangu, akaweka bakuli. Alipofika mlangoni akamwambia mume wangu aliyekuwa sebuleni, "Mwambie Yule ale kabla halijapoa."

Nikabaki sijui nilie au nile. Nikala.